SIMU ULIYOIFLASHI INAGOMA MESEJI? JUA KWANZA ZIMEKWAMA WAPI



Swali ninaloulizwa sana hapa Sikonge ni moja. Simu ya Android imeflashiwa, imewekewa romu nyingine isiyo ya kiwandani, inakimbia kuliko ilivyokuwa mpya. Kupiga inapiga, intaneti ipo, ila meseji hazitoki au haziingii. Wengi wanajibu, "si WhatsApp ipo bwana?" Jamani, risiti ya hela haiji WhatsApp. Ukitumiwa pesa kwenye simu, uthibitisho ni meseji. Namba ya siri ya benki ni meseji. Hata aliyechaguliwa vyuo viwili vitatu, namba ya kuthibitisha chuo anachokitaka inakuja kwa meseji, na ina siku zake. Zikipita imekula kwako.

Kwa hiyo kabla hujampa fundi hela, au hujafuta kila kitu uanze upya, tafuta kwanza meseji imekwama wapi.

MESEJI INASAFIRI VIPI

Meseji haitoki simu kwenda simu. Inatoka kwako inaenda kwenye kituo cha meseji cha kampuni yako, inalala pale, kituo kinamtafuta mpokeaji, akipatikana ndipo inapelekwa. Fikiria Tabora enzi za misafara. Mzigo kutoka Bagamoyo ulifika Unyanyembe, wapagazi wakapumzika, halafu wengine wakashika njia ya Ujiji na wengine wakapanda kaskazini kwenda Karagwe. Reli nayo ndio hivyo hivyo, ukifika Tabora kuna njia ya Kigoma na kuna ya Mwanza. Simu isiyoijua namba ya kituo ni kama mpagazi asiyejua Tabora iko wapi: mzigo anao, pa kuupeleka hajui.

JARIBIO LA DAKIKA MBILI

Toa laini yako uiweke kwenye simu nyingine, hata kitochi. Halafu jitumie meseji mwenyewe, kwenye namba yako hiyo hiyo. Ikitoka na ikaingia, laini ni nzima, ugonjwa uko kwenye simu. Ikigoma na huko, usiilaumu romu. Angalia salio, angalia usajili kwa *106# (laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020), kisha piga 100 uongee na huduma kwa wateja. Laini iliyochakaa wanabadilisha na namba inabaki ile ile.

UGONJWA UKIWA KWENYE SIMU

1. Zinaingia ila hazitoki. Hapo mara nyingi namba ya kituo imepotea wakati wa kuflashi. Piga *#*#4636#*#*, ingia kwenye taarifa za simu, shuka chini mpaka uone SMSC, bonyeza "Refresh". Ikija tupu au ikileta kosa, waulize mtandao wako namba ya kituo, uiandike ikianza na +255, kisha "Update". Simu nyingine hazikubali mpaka namba ikae ndani ya alama za kufunga na kufungua semi, ikifuatwa na mkato na 145, hivi: "+255xxxxxxxxx",145. Hiyo 145 inaiambia simu kwamba namba ni ya kimataifa. Ikikataa kabisa, rudisha laini kwenye kitochi, ingia setingi za meseji, uandike namba ya kituo pale na kuhifadhi. Inakaa kwenye laini yenyewe, ukirudi kwenye Android unaikuta.

2. Zinatoka ila haziingii, au zinaingia kimyakimya. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, programu moja tu ndiyo inaruhusiwa kuhifadhi meseji. Romu mpya ikija na programu mbili za meseji, chagua moja kwenye setingi za programu za msingi, uipe ruhusa zote za meseji. Iondoe pia kwenye mambo ya kubana chaji, maana romu nyingine inailaza usingizi. Na hakikisha simu haijajaa. Simu iliyojaa picha na video haina pa kuweka meseji.

3. Zinagoma kwenye 4G tu. Romu nyingi hazina zile sehemu za kiwandani zinazopitisha simu na meseji juu ya 4G. Ingia setingi za mtandao uiweke 3G au 2G, ujaribu tena. Ikipita, umempata mchawi. Unaweza kuishi hivyo, au utafute romu inayolifahamu toleo lako la simu.

4. Namba za kawaida zinakwenda, namba fupi hazitoki. Android inauliza ruhusa kabla ya kutuma meseji ya kulipia. Ukijibu hapana na ukaweka tiki ya kukumbuka, haiulizi tena. Ingia kwenye ruhusa maalumu za programu, tafuta "Premium SMS", urekebishe.

5. Meseji moja inakatwa kama mbili. Hii si ugonjwa, ni kibodi. Meseji ya herufi za kawaida inabeba 160. Ukiweka alama moja tu isiyo kwenye orodha ya zamani, yote inashuka hadi 70. Emoji inafanya hivyo, na kile kikomeo kilichopinda cha kwenye ng’ombe nacho kinafanya hivyo. Tumia kilichonyooka: ng'ombe.

IMEI: HAPA USICHEZE

Piga *#06#. Simu ya laini mbili inaleta namba mbili, kila moja ina tarakimu 15. Ikileta sifuri tupu, "null" au "invalid", basi kuflashi kumefuta utambulisho wa simu. Ndio maana mnara unaonekana halafu unapotea. Kwa simu za MediaTek, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, hii inatokea mtu akitumia SP Flash Tool na kuchagua "Format All + Download". Chagua "Download Only", na kabla ya yote hifadhi nakala ya NVRAM, maana humo ndimo IMEI inamokaa.

Sasa kuna fundi atakwambia, "lete nikuandikie nyingine." KATAA. Tanzania ilizima simu feki tarehe 16 Juni 2016, na tangu hapo TCRA ina mfumo unaoziangalia namba hizi. IMEI ya kuokoteza anaandikiwa mtu huyu na yule. Mmoja wao simu yake ikiibiwa na kuripotiwa, namba ikifungiwa mnafungiwa wote. Mbaya zaidi, polisi wakiifuata namba ile, wanaweza kuja kwako. Kubadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Namba yako halali ni ile iliyo kwenye boksi au chini ya betri. Nenda nayo kwa wakala anayetambuliwa na kampuni ya simu, ukiwa na boksi na risiti.

ROMU UMEITOA WAPI?

Aliyeitengeneza romu anaweza kuiwekea jicho la kusoma kila meseji, pamoja na namba za siri za benki. CyanogenMod ilifungwa Desemba 2016 na LineageOS ikachukua nafasi yake, na hao wanaweka kazi yao wazi kila mtu aione. Lakini simu nyingi za bei nafuu hazimo kwenye orodha yao, ndio vijana wanapakua romu ya mtu asiyejulikana. Ya namna hiyo usiiwekee laini yenye hela. Weka laini ya pesa kwenye kitochi, menyu kama *150*00# inafanya kazi humo bila shida.

Na kwa mnaoflashi kwenye kompyuta ya kafe: ile nakala ya NVRAM na ya meseji zako ihamishie kwenye flashi yako, kisha uifute pale, mpaka kwenye pipa la takataka. Anayekaa kiti hicho baada yako humjui.

Kwa kifupi: jaribu laini kwenye kitochi, angalia namba ya kituo, angalia programu, shusha 4G, piga *#06#. Ukienda kwa fundi baada ya hapo, unaenda unajua unachotaka, na bei mtapatana vizuri.

Kama simu yako ina ugonjwa ambao sijauandika, andika hapo chini aina ya simu, romu uliyoweka na kinachotokea. IMEI yako usiiandike.

Nawasilisha.