Daftari la Kilomita

"Weka ya elfu kumi." Hayo ndiyo maneno ayasikiayo kijana wa pampu katika vituo vya mafuta vya Dar es Salaam tangu alfajiri hata usiku, na aghalabu ayasemaye hashuki garini, wala hatazami namba za pampu zinavyozunguka, wala hajui ni lita ngapi zilizoingia tangini, amenunua kwa fedha kitu ambacho motokaa yake itakinywa kwa lita, na baina ya vipimo hivyo viwili ndipo inapopotelea mali aitafutayo mwisho wa mwezi asiione. Bei ikipanda au ikishuka Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itangazapo bei kikomo, elfu kumi yake hubaki ileile, naye hudhani kwamba matumizi yake nayo ni yaleyale.

Mimi nalikuwa mmoja wa watu hao kwa muda wa miaka mitatu, nikiendesha Toyota IST iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na sikutanabahi mpaka siku mjomba wangu, aliyemaliza umri wake wa kazi juu ya malori ya Tunduma, aliponiuliza gari langu linakula kiasi gani.

"Linakula kidogo tu, mjomba."

"Kidogo ndiyo ngapi?"

Sikuwa na jibu, naye hakuongeza neno. Alirudi kwenye kahawa yake. Jioni ile nilinunua daftari la shule, nikalitia ndani ya dashibodi pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, maana kalamu isiyofungwa haikai garini siku mbili.

Hesabu yenyewe ni sahali. Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, uandike kilomita zinazoonekana mbele yako, endesha upendavyo, na siku utakapojaza tena, uandike lita zilizoingia na kilomita mpya. Ukiwa umetembea kilomita 442 na zimeingia lita 34, basi umekwenda kilomita 13 kwa kila lita. Tangi moja halithibitishi kitu, kwa kuwa pampu haikatiki mahali pamoja kila mara. Wastani wa matangi matatu au manne ndio wa kuaminiwa. Na yule ambaye mshahara wake haumruhusu kujaza tangi kila mara asikate tamaa: na aandike lita za kila risiti, azijumlishe mpaka siku ya neema atakapojaza, kisha ndipo agawanye.

Katika mwezi wa nne wa daftari hilo gari lilichemsha mbele kidogo ya Kibaha, likarudishwa mjini kwa kamba nyuma ya lori. Fundi wa gereji bubu iliyo jirani nami, kijana mwepesi wa mikono na wa maneno, alifungua, akaitoa themostati, akaitupa majanini, akaniambia kwa yakini kubwa kwamba kifaa hicho Wajapani wamekiweka kwa ajili ya theluji yao, na sisi watu wa nchi ya joto hatuna haja nacho. Gari halikuchemsha tena. Nilimlipa, nikamshukuru, na taksiri yangu ni kwamba nilimsifu hata kwa majirani, na wawili kati yao wakampelekea magari yao akayafanyia vilevile.

Daftari halikumsifu. Badala ya zile kilomita 13 za awali kwa lita, tangi lililofuata lilitoa 11.8, la pili 11.5, la tatu 11.4. Nilishuku kwanza hesabu zangu, kisha foleni za Ubungo, kisha uaminifu wa pampu, na kila nilichokishuku kilitoka bila hatia. Kwa kilomita 1,200 nitembeazo kwa mwezi, tofauti hiyo ilikuwa yapata lita 12, nami nilikuwa nikizilipia huku nikijiona nimeponea gharama ya spea.

Mzee mmoja fundi wa Ilala, niliyempelekea gari pamoja na daftari, alisoma kurasa mbili, akaniuliza jambo moja: "Mwanangu, ulipochemsha, walikutoa themostati?" Nilipoitikia aliniagiza dukani, na niliporudi na themostati mpya hakuifunga, aliichukua mpaka kwa mama muuza chai, akaomba sufuria ya maji iliyokuwa jikoni, akaitumbukiza humo ikining'inia kwa waya. Tulisimama tukitazama. Maji yalianza kutoa mvuke, kifaa kimetulia; kisha, kabla hayajatokota, kile kisahani cha katikati kilijongea taratibu, kikaacha mwanya wa kupitisha ukucha. "Umeona mlango unavyofunguka? Usipofunguka hapa, hautafunguka kule ndani," akasema, akamrudishia mama sufuria yake na kumlipa maji mengine.

Ndani ya kifaa hicho mna nta iliyofungiwa katika kikopo cha shaba. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, maji yakazunguka ndani ya injini peke yake; yakifikia nyuzi 82 hivi nta huvimba, ikausukuma mlango, nayo maji yakapita kwenda kupozwa kwenye rejeta. Themostati isipokuwapo, maji hupozwa tangu ufunguo unapozungushwa, injini ikakawia kupata joto lake la kazi, na kompyuta ya gari, ambayo huarifiwa joto hilo na sensa, ikaamini kwamba ndiyo kwanza kunapambazuka, ikazidi kumimina petroli. Oili nayo hubaki nzito, na unyevu unaoingia ndani yake haupati moto wa kuufukuza. Jua la Dar es Salaam halihusiki na jambo hili hata kidogo, kwani hakuna jua la kuyafikisha maji ya rejeta nyuzi 82. Mzee alibadilisha na kifuniko cha rejeta, ambacho mpira wake ulikuwa umekauka, akatoa maji ya kisima niliyokuwa nikitia kwa miaka yote hiyo, mekundu kama chai, akatia maji maalumu ya rejeta yasiyoleta kutu. Gharama ya vyote pamoja na ujira wake ilirudi katika miezi michache, na tangi la pili baada ya hapo likasoma 12.9.

Faida ya lita moja isiyochomwa ni kubwa kuliko bei yake ya asili, kwa sababu kodi nyingi zimo ndani ya bei hiyo. Wakumbukao watakumbuka kwamba mwaka 2017 serikali ya Tanzania iliiondoa ada ya mwaka ya leseni ya gari, ikaongeza shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Tangu hapo motokaa yenye ulafi humtoza mwenyewe hata kile alichokuwa akilipa mara moja kwa mwaka.

Baada ya mkasa huo nilianza kuandika kila kitu. Oili, kwa mfano: injini ndogo kama hii huchukua pungufu kidogo ya lita 4, na kwa safari fupi za foleni na vumbi, kilomita 5,000 ni mpaka wa busara, ijapokuwa kitabu cha gari hutaja zaidi kwa mwendo wa raha. Asubuhi ya kila Jumamosi, gari likiwa mahali tambarare na kabla halijawashwa, huchomoa stiki ya oili, nikaifuta, nikaitumbukiza tena, nikaandika ilipofika. Kopo tupu silimwachii mtu kabla ya kulitoboa, kwa kuwa wako waovu wanunuao makopo mazima wakayajaza oili iliyopikwa, yakarudi dukani kwa sura ya upya. Fundi naye humwambia anirudishie kila kilichotolewa, hata kama ni uchafu mtupu; haja yangu ni yeye ajue kwamba kitatazamwa. Na akitokea wa kuniambia kwamba mkanda wa taimingi wa IST umechoka, basi humuaga kwa adabu, maana injini yake haina mkanda huo, ina mnyororo.

Matairi yana habari zake. Kipimo cha upepo kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wala si katika kichwa cha kijana wa pancha, nacho hupimwa tairi likiwa baridi. Pembeni mwa tairi mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019, na mnunuzi wa matairi ya mitumba asiyezisoma huweza kuuziwa mpira mzee wenye kashata nzuri, uliokwisha kukauka kwa ndani. Tairi lililolegea hulika kingo mbili, lililojazwa kupita kiasi hulika katikati, na lililolika upande mmoja tu linadai alaimenti.

Kuhusu chujio la hewa nina neno la kinyume kidogo: katika magari ya kompyuta, chujio chafu hupunguza nguvu kuliko liongezavyo ulaji wa petroli, kwa hiyo asiyeona nafuu katika daftari baada ya kulibadilisha asistaajabu. Mwendo ndio wenye nafuu, kwa sababu upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili: atokaye kilomita 80 kwa saa akafika 120 hupambana na upepo mara mbili na robo, na barabara ya Chalinze itamwonyesha hayo tangini.

Juma lililopita namba ilishuka tena mpaka 12.1. Upepo ulikuwa sawa, oili sawa, joto sawa. Nilipofika nyumbani nilishuka, nikazunguka gari nikiikaribia kila rimu kwa kiganja bila kuigusa: za mbele vuguvugu, ya nyuma kushoto baridi, na ya nyuma kulia ikanipulizia joto la pasi kabla mkono haujafika. Niliandika tarehe, kilomita, na maneno matatu, "breki yashika nyuma," nikampigia simu mzee wa Ilala.