Uzamili kwa Shilingi Ngapi? Ya Kuuliza Kwenye Maonesho ya Vyuo Vikuu

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huandaa kila mwaka Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia, ambayo mara nyingi hufanyika Julai katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Wengi wanaomiminika pale ni vijana waliotoka kidato cha sita, wakiwa na wazazi wao. Anayetafuta shahada ya uzamili hupewa kipeperushi chenye jedwali la ada, akaagwa kwa tabasamu. Jedwali hilo peke yake halitoshi kumchagulia mtu chuo. Fedha nyingi za uzamili huliwa na mambo mawili yasiyoandikwa humo: mtindo wa kusoma na muda wa kumaliza.

Kutwa, jioni, masafa au utafiti

Masomo ya kutwa, kama yale ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), hukupa maktaba, wenzako na wahadhiri walio karibu. Lakini mfanyakazi atahitaji ruhusa ya masomo, na wa mkoani atalipa pango.

Masomo ya jioni na wikendi yamewalenga walioajiriwa mjini. Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho makao yake yako Morogoro, kina kampasi Dar es Salaam. Mshahara unaendelea kuingia, ila foleni ya saa kumi na moja jioni nayo ina bei yake.

Elimu ya masafa ndiyo kazi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Huhami nyumbani wala huachi kazi. Hakuna wa kukusukuma pia.

Uzamili wa utafiti pekee unamfaa mwenye mada tayari. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, kwa mfano, ilianzishwa kwa ajili ya sayansi na teknolojia ngazi ya uzamili na uzamivu. Katika mtindo huu msimamizi ana uzito zaidi kuliko jina la chuo.

Mtindo wowote utakaouchagua, kazi haipungui. Kwa viwango vya TCU, uzamili hauwi chini ya krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, yaani saa 1,800. Zigawe kwa wiki 90 za miaka miwili, ukiondoa likizo: ni saa 20 kila wiki. Mwajiriwa asiyejua saa hizo atazitoa wapi asilipe hata ada ya maombi.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mwalimu wa Tabora, kwa viwango vya kukadiria tu. Akienda Dar es Salaam kusoma kutwa kwa miezi 18, tuseme ada ni milioni 5, pango ni 120,000 kwa mwezi, chakula na nauli 250,000. Jumla ni shilingi 11,660,000. Akisoma kwa masafa miaka miwili, kwa ada ya milioni 4 na bando la 30,000 kila mwezi, jumla ni 4,720,000. Akichelewa mwaka mzima na kutozwa milioni 1 ya kuongeza muda, pamoja na bando, atafika 6,080,000. Bado ni karibu nusu ya gharama ya kutwa. Anachopoteza ni mwaka wa kusubiri cheo au kazi mpya, na hicho akiweke kwenye mizani.

Pande zote mbili ziongezewe gharama za tasnifu: safari za kukusanya data, kibali cha utafiti pale kinapohitajika, uchapaji na ujalidi.

Ukifika bandani

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, ukiwa na nakala ya matokeo yako. Omba kuonana na mhadhiri wa idara unayoitaka, kwa sababu afisa udahili anajua ada na tarehe, lakini ya darasani hayajui yote. Kisha uliza:

- Jumla ya malipo yote hadi mahafali ni kiasi gani? Naomba kwa maandishi.
- Walioanza miaka mitatu iliyopita, wangapi wamemaliza?
- Nani anasimamia mada kama yangu, na ana wanafunzi wangapi sasa?
- Nikichelewa, natozwa nini?
- GPA yangu inatosha, au nianze na stashahada ya uzamili?

Ukikutana na wakala wa vyuo vya nje, usikubali lolote kabla ya kuuliza TCU kama chuo hicho na tuzo yake vinatambuliwa nchini. Hesabu ada yake kwa fedha ya kigeni, uache nafasi ya shilingi kushuka.

Uamuzi wetu

Mwenye familia na kazi mkoani achukue masafa, mradi kituo kiwe jirani na ajiwekee ratiba. Mfanyakazi wa Dar es Salaam aende jioni, akichagua kampasi iliyo upande anaoishi. Kutwa kunamfaa mwenye ufadhili, au kijana asiye na mshahara wa kupoteza. Anayelenga uhadhiri au maabara atafute msimamizi kwanza, chuo baadaye. Na banda lolote litakaloshindwa kukuambia wangapi wamemaliza, lipite. Mabanda ni mengi.