Je, Wajua? Dishi, Antena na Bei ya Mpira

Je, wajua kwamba televisheni ya kulipia ilianza na muuza duka aliyeshindwa kuuza televisheni? Mmoja wa wanaotajwa kuwa waanzilishi wake ni John Walson wa Mahanoy City, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Mwaka 1948 alikuwa na TV dukani, lakini milima ilizuia mawimbi kutoka Philadelphia na hakuna aliyetaka kununua sanduku lisiloonyesha kitu. Akasimika antena mlimani, akashusha waya hadi mjini, na wateja wakaungwa kwenye waya huo kwa malipo. Vipindi vyenyewe vilikuwa vya bure. Walicholipia ni antena ya pamoja.

Je, wajua chaneli ya HBO ilipoanza usiku wa tarehe 8 Novemba 1972, katika mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, ilikuwa na wateja mia tatu na ushee tu? Kipindi cha kwanza kilikuwa mchezo wa magongo ya barafuni. Miaka mitatu baadaye ikaingia kwenye setilaiti kwa pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililopiganwa Manila. Ona basi: tangu siku ya kwanza chambo ni michezo. Filamu hufuata nyuma.

Na hapo ndipo ankara yako ya kila mwezi inapoanzia. Mwaka 1992 Ligi Kuu ya England ilipoundwa, haki za kuionyesha Uingereza ziliuzwa kwa Sky na BBC kwa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Tangu hapo bei za haki za mpira zimepanda mno, na anayezinunua lazima azirudishe kwa mtu aliyekaa sebuleni. Katuni, tamthilia, habari na mahubiri vingeweza kukufikia kwa bei ndogo, na vingine bure kabisa. Kifurushi cha juu ni ghali kwa sababu kimebeba mpira wa moja kwa moja. Asiyetazama mpira akilipia kifurushi hicho anamlipia jirani.

Je, wajua kuna mechi za England ambazo Mwingereza hazioni nyumbani kwake, lakini wewe wa Tabora au Kisumu unaziona? Kule kuna kipindi cha giza kila Jumamosi, kuanzia saa tisa kasorobo mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni kwa saa zao, ambapo mechi za ligi hazirushwi moja kwa moja kwenye televisheni. Mzizi wake ni wa zamani: Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley miaka ya 1960, aliwashawishi wenzake kwamba mtu akiona mchezo wa timu kubwa kwenye TV hatakwenda uwanjani kuitazama timu ndogo ya mtaani kwao. Katazo hilo halivuki bahari. Ndiyo maana Jumamosi saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wakati wa baridi yao, Afrika Mashariki tunachagua mechi ya kutazama huku shabiki wa Manchester akisikiliza redio.

Katika giza hilo akatokea mama mwenye baa. Karen Murphy wa Portsmouth aliona king'amuzi cha Kigiriki kinaonyesha Ligi Kuu ya England kwa bei ndogo sana kuliko Sky, akakileta baani kwake. Alishtakiwa, faini na gharama zikakaribia pauni 8,000. Hakunyamaza. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Oktoba 2011 mahakama ikasema kumzuia mtu kununua kadi ya king'amuzi kutoka nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ni kinyume cha sheria za soko la pamoja. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Uingereza ikamfutia hatia. Utamu wa hukumu ile ni huu: mchezo wa mpira wenyewe, ilisema mahakama, si kazi yenye hakimiliki. Nembo, wimbo wa ligi na video ya ufunguzi ndivyo vyenye hakimiliki. Yaani bao halina mwenyewe, ila muziki unaolitangulia unaye.

Tukirudi huku kwetu, wangapi bado wanaikumbuka GTV? Iliingia mwaka 2007 na sehemu kubwa ya mechi za England mkononi, kwa bei iliyowafanya watu wengi waone DStv kama anasa ya wakubwa. Ving'amuzi vikanunuliwa, madishi yakafungwa. Mwishoni mwa Januari 2009, katikati ya msimu, skrini zikazimika: kampuni imefilisika. Aliyelipa mwezi mmoja alipoteza siku kadhaa, aliyelipa mwaka mzima alipoteza mwaka. Punguzo la kulipa miezi kumi na miwili kwa mpigo ni zuri, ila ni mkopo unaompa mwenye chaneli, tena bila dhamana.

Tena msimu wa Ligi Kuu ya England ni kuanzia Agosti hadi Mei. Juni na Julai hakuna mechi hata moja. Timu yako hucheza mechi 38 za ligi, wastani wa tatu au nne kwa mwezi, na katikati zipo wiki za timu za taifa ambapo ligi husimama. Piga hesabu ya mkono: chukua bei ya kifurushi, igawe kwa mechi ulizozitazama hadi filimbi ya mwisho, si zile ulizoziacha dakika ya 30 umeme ulipokatika. Tuseme kifurushi ni shilingi 60,000 za Tanzania na umetazama mechi nne. Kila mechi imekugharimu shilingi 15,000. Mimi hesabu hiyo ndiyo naiamini kuliko orodha ndefu ya chaneli 130, ambazo familia nyingi huzungukia nane tu.

Shilingi 15,000 kwa mechi, wakati kibanda umiza kiingilio kwa kawaida ni mia tano au elfu moja! Benchi ni gumu, joto ni kali, na mtu aliye mbele yako ana kichwa kikubwa. Lakini kelele za pale bao likiingia hakuna kifurushi kinachoziuza. Mwenye banda naye ana lake la kujua: kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Kuonyesha watu kwa kiingilio kunahitaji kifurushi cha biashara, na akikamatwa hoja ya "hawa ni wageni wangu" haitamfikisha mbali.

Je, wajua hakuna antena ya dijitali? Fundi anayekuuzia moja kwa bei ya juu kwa sababu imeandikwa "digital" anakuuzia maandishi. Kilichobadilika ni namna picha inavyopakiwa ndani ya mawimbi, na mawimbi ni yale yale. Televisheni ya ardhini siku hizi hurushwa kwenye masafa ya UHF, urefu wa wimbi ukiwa kati ya sentimita arobaini na kitu na sitini na kitu, ndiyo maana vijiti vya antena hukatwa kwa takriban nusu ya hapo. Antena ya UHF ya zamani iliyotupwa stoo inaweza kufanya kazi leo hii. Ipandishe juu ya paa, ielekeze kwenye mnara, iepushe na kuta na mabati, halafu ndipo ufikirie kununua nyingine.

Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, zaidi ya miaka miwili kabla ya kikomo cha kimataifa cha Juni 2015. Kenya walifika huko kwa vita: Februari 2015 vyombo vikubwa vya habari viligombana na serikali kuhusu nani arushe matangazo, na Citizen, NTV na KTN zikawa nje ya hewa kwa karibu wiki tatu. Mwisho wa siku Mkenya akabaki na kitu kizuri. King'amuzi cha chaneli za bure, unakinunua mara moja, unaunga antena, na chaneli za nyumbani zinaingia bila kulipia mwezi. TV nyingi mpya zina kipokezi cha DVB-T2, yaani cha matangazo ya dijitali ya antena, ndani yake, kwa hiyo hata kisanduku hicho huenda hukihitaji. Kabla ya kununua, uliza dukani swali hilo moja.

Na Watanzania wanakumbuka Agosti 2018, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozitaka DStv, Azam na Zuku ziondoe chaneli za bure za ndani kwa kuwa leseni zao za setilaiti hazikuruhusu kuzibeba. Ghafla mtu aliyelipia kifurushi kikubwa hana taarifa ya habari ya ITV, na jirani mwenye king'amuzi cha antena, hata kama hajalipa kitu, anayo. Baadaye kanuni zilibadilishwa na chaneli zikarudi.

Umewahi kutazama madishi ya mtaani Dar es Salaam? Hayaelekei upande mmoja. La DStv limelala chali, kwa sababu setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki na jiji liko karibu nyuzi 39, hivyo setilaiti iko karibu utosini. La Azam limeinama kuelekea magharibi, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea. Zote ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zikizunguka sambamba na dunia. Faida ya kujua haya ni kwamba dishi ni bati lililokunjwa, halina kampuni. Ukihama huduma, mara nyingi fundi anaweza kuligeuza la zamani badala ya kukuuzia jipya. Mvua kubwa ikinyesha, lakini, dishi la upande wowote litagoma. Matone hunyonya mawimbi hayo, ilhali antena ya ardhini huendelea bila wasiwasi.

Azam yenyewe ilianza kurusha Desemba 2013, mali ya kundi la Bakhresa, watu wale wale wa unga na aiskrimu. Hesabu yao ilikuwa rahisi na ya werevu: waache wengine wapigane kwa ajili ya England, sisi tuchukue Simba na Yanga. Mwaka 2021 wakasaini na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki za ligi kuu. Ligi ina timu 16, kila moja mechi 30. Kama moyo wako uko Msimbazi kwa Simba au Jangwani kwa Yanga, huhitaji kulipia Anfield. Swali la kwanza la kuokoa fedha, basi, ni la ushabiki kabla ya kuwa la teknolojia, na nyumba yenye baba wa Arsenal na mtoto wa Yanga ina mgogoro usiotatuliwa na fundi yeyote. Hata walio Muscat na London hufuatilia dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, kupitia programu ya AzamTV Max.

StarTimes walishika njia nyingine, ya kulipia kwa siku au kwa wiki. Kwa mtu mwenye kipato cha siku, na kwa mtu anayetaka fainali moja tu, hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini zidisha bei ya siku kwa thelathini kabla ya kufanya mazoea.

Wa Goma, Bukavu na Bujumbura wanaijua zaidi Canal+. Ilianza Ufaransa Novemba 1984 kwa picha iliyovurugwa ili asiyelipa asione, na mwezi uliofuata tu jarida la mafundi, Radio Plans, likachapisha mchoro wa kujitengenezea kifaa cha kuifungua. Toleo hilo likapigwa marufuku. Mwaka 2025 Canal+ hiyo hiyo ikaichukua MultiChoice, mwenye DStv na GOtv. Kwa hiyo anayehama kutoka huduma moja hadi nyingine kwa hasira, huenda fedha zake bado zinaishia mfuko ule ule.

Vipi kuhusu intaneti? Netflix yenyewe inakadiria kwamba picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, ya kawaida GB 1, na ya chini kabisa kama GB 0.3. Tumia kipimo hicho kwa mpira: mechi na mapumziko yake ni karibu saa mbili, kwa hiyo GB 2 kwa picha ya kawaida, na msimu wa mechi 38 ni GB 76. Kwa mwenye Wi-Fi ya kulipia mwezi, hiyo si kitu. Kwa mwenye bando la simu, huenda bando likamzidi dishi bei, na hapo hajalipia bado huduma inayoonyesha hiyo mechi.

Ndugu wa "linki za bure" wanajijua. Linki hukatika dakika ya 88, hukuonyesha matangazo ya kamari, na nyingine hukuletea virusi. Tuyaache.

Vya bure halali vipo pia. Citizen na KTN hurusha moja kwa moja YouTube. Kenya ilipata Netflix ya bure kwa simu za Android Septemba 2021, ikafungwa Novemba 2023. Na Juni 2025, Kombe la Dunia la Klabu liliporudi na timu 32, DAZN ilionyesha mechi zote 63 bila malipo duniani kote. Ulichohitaji ni barua pepe ya kujisajili, bando, na moyo wa kukesha, maana mechi nyingi zilichezwa Marekani wakati huku kwetu ni usiku wa manane.