Benchi Lisiloumiza

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia kitu unachokikalia karibu kila siku: benchi.

Mfikirie bibi mmoja mfupi aliyefika kituo cha afya alfajiri. Amekalia benchi lililoinuka mno, miguu inaning'inia. Ukingo wa ubao unambana chini ya mapaja na damu haipiti vizuri. Saa tatu baadaye anaitwa, lakini miguu imekufa ganzi. Akisimama ghafla anaweza kuanguka, na mzee akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani.

Benchi la chini sana nalo lina taabu yake. Magoti yanapanda juu, mgongo unapinda, na kuinuka kunataka nguvu ambazo mgonjwa au mama mjamzito hana.

Basi kimo kizuri ni kipi? Kipimo unacho mwilini mwako. Kaa, ukanyage chini kwa nyayo zote mbili. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo chako. Kama huna futi ya kupimia, tumia fimbo: tia alama kwa mkaa, umpelekee fundi seremala.

Lakini benchi la watu wengi halina mwili mmoja. Tuangalie mahali na wakaaji.

Nyumbani, kanisani, msikitini au kwenye mikutano, sentimita 40 hadi 45 huwafaa watu wazima wengi.

Kituo cha afya kiwe na mabenchi ya aina mbili. Moja la sentimita 40, kwa watu wafupi kama yule bibi. Jingine la sentimita 45 hadi 48, lenye mikono ya kushikilia, kwa wenye magoti yanayouma na wanaotumia magongo.

Shuleni, watoto wa darasa la kwanza wanahitaji sentimita 30 hivi. Wa madarasa ya juu ya msingi, 35 hadi 38. Mtoto ambaye miguu haifiki chini hatulii. Mwalimu humwita mtundu, kumbe anaumia.

Na mabenchi mliyo nayo tayari? Msiyatupe. Likiwa juu mno, wekeni ubao au safu ya matofali chini, watu wapate pa kukanyaga. Mkiamua kulipunguza, pimeni kila mguu kabla ya kushika msumeno; kipande kikishakatwa hakirudi. Ukingo wa mbele mpigeni randa uwe mviringo, usibane mapaja.

Msikilizaji, leo jioni kaa kwenye benchi lako, utazame miguu yako. Je, inakanyaga chini? Kisha mkalishe mama yako hapo, na mtoto wako pia, uwatazame.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.