Mwaka wa Nane Ubundu: Mtoto Achague Nini?

Ubundu, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndipo mto Lualaba unapokataa vyombo. Mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma, na mzigo wowote wa Kisangani lazima upande nchi kavu. Kwa ajili hiyo Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125, ikakamilika mwaka 1906, mji ulipokuwa ukiitwa Ponthierville. Treni siku hizi haina uhakika, na wasafiri wengi hutegemea pikipiki katika njia ya msituni.

Kwa kijana anayesoma Ubundu, kilomita hizo ndizo zinazomtenga na Chuo Kikuu cha Kisangani. Lakini uamuzi wa kama atafika huko, na akifika atasomea nini, huanza mapema zaidi, akiwa na miaka kumi na minne hivi.

Katika shule za Kongo njia hugawanyika mwaka wa nane. Mwanafunzi hufanya TENASOSP, mtihani wa taifa ambao jina lake lenyewe linataja kuwaelekeza vijana kwenye masomo na kazi. Baada ya hapo huingia seksio: pedagojia, sayansi, biashara, kilimo, ushonaji, umeme au nyingine. Humo hukaa miaka minne hadi Exetat, mtihani wa serikali ulioanza mwaka 1967. Shule ya msingi ya serikali haina karo tangu mwaka 2019, ila sekondari bado mzazi hulipa, tena mara nyingi kwa fedha za mihogo, samaki au mafuta ya mawese. Seksio isiyomfaa mtoto ni miaka minne ya jasho la familia nzima.

Na mtoto huyo anachagua kwa kuangalia nini? Vijijini, shule iliyo karibu huwa na seksio moja au mbili tu, na hapo uchaguzi umekwisha kabla haujaanza. Anayeota udaktari huingia pedagojia kwa kuwa ndiyo iliyopo, kisha hukutana na kemia ya chuo kikuu akiwa nyuma ya wenzake. Msichana hupelekwa ushonaji bila kuulizwa anapenda hesabu kiasi gani. Jambo hili linauma. Tena kazi ambazo kijana wa Ubundu amezishuhudia ni chache: mwalimu, muuguzi, askari, mvuvi, mfanyabiashara, mchimba almasi. Mto unapita mlangoni kwao na msitu umewazunguka pande zote, lakini mtaalamu wa maji au mhandisi wa misitu hajawahi kuketi naye.

Mtu mmoja aliyetangulia anaweza kubadili hesabu hiyo. Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alifika Kisangani, wakati huo Stanleyville, mwaka 1944, kijana wa miaka 19 asiye na diploma ya sekondari. Akawa karani wa posta, na mwaka 1947 akapelekwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kusomea kazi hiyo. Aliporudi alijitolea kuhudumu katika maktaba ya umma. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Clément alipokuja kuuchunguza mji huo mwaka 1952, alimchukua awe msaidizi wake, na urafiki ukazaliwa. Kwa karani wa posta chini ya ukoloni, kufanya kazi bega kwa bega na mtafiti lilikuwa darasa ambalo hakuna shule ya mjini ingempa.

Wa karibu zaidi na zama zetu ni Corneille Ewango. Alikwenda Chuo Kikuu cha Kisangani akiwa na nia ya udaktari, akaangukia biolojia, na mimea ikamteka. Akaongoza utafiti wa mimea katika Hifadhi ya Okapi huko Epulu, na vita vilipofika aliificha mikusanyo ya mimea na kuivusha hadi Uganda. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, kisha akapata uzamivu Wageningen, Uholanzi, kwa utafiti wa mimea itambaayo ya msitu wa Ituri. Msitu huo ni ndugu wa msitu unaoizunguka Ubundu. Ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa nane wameambiwa kwamba kuijua miti kwa majina ni taaluma?

Wa kuwaambia wapo. Serikali ilipoviunganisha vyuo vikuu vya nchi mwaka 1971, masomo ya saikolojia na ualimu yaliwekwa Kisangani, na kitivo hicho, chenye watu wanaojua kuwaelekeza vijana, kipo mpaka leo. Yangambi, mwendo wa kilomita mia hivi kutoka Kisangani kwa kufuata mto, kuna kituo cha utafiti wa kilimo na misitu kilichoanzishwa mwaka 1933. Wanafunzi wa Ubundu wanaosoma mjini hurudi kwao likizo. Prefe wa shule anaweza kuwaomba asubuhi moja kabla ya TENASOSP, wakae na watoto pamoja na wazazi wao, waseme wazi kitivo kipi kinadai seksio ipi, chumba Kisangani kinagharimu kiasi gani, na wao wenyewe walikosea wapi walipokuwa mwaka wa nane.