Je, Wajua? Kanda, Deki na Nyoka wa Nokia

Je, wajua kwamba mashine ya kaseti ilianza kama kipande cha mbao? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhandisi Lou Ottens wa Philips alikuwa akifanya kazi Hasselt, nchini Ubelgiji. Vinasa sauti vya wakati ule vilikuwa vizito, na mkanda wake ulizungushwa kwenye magurudumu yaliyo wazi ambayo mtu alilazimika kuyapachika kwa mikono, kwa subira na vidole vyepesi. Ottens akachonga ubao mdogo unaoenea katika mfuko wa koti. Ubao huo ukawa kipimo: mashine mpya isiuzidi. Mwaka 1963 kaseti ikaonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza, kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin. Ubao wenyewe haukufika makumbusho. Siku moja gari la Ottens lilipata pancha, akauweka chini ya jeki, na ukapotelea hukohuko.

Philips waliamua kuwaruhusu watengenezaji wengine waunde kaseti ya aina hiyohiyo bila kuwatoza chochote, na kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko uvumbuzi wenyewe. Kanda iliyotoka Japani iliingia kwenye redio iliyotoka Uholanzi, na iliyorekodiwa Mombasa ilisikika Muscat bila taabu. Inakadiriwa kwamba zaidi ya kaseti bilioni 100 zimeuzwa duniani. Ottens, aliyeshiriki pia katika kuunda CD, alifariki Machi 2021 akiwa na miaka 94.

Ndani ya kanda ya dakika 90 mna utepe wa takriban mita 130, wenye upana usiofika milimita 4, unaopita mbele ya kichwa cha kusomea kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kila aliyewahi kuona utepe huo umeliwa na mashine anakumbuka dawa yake: penseli. Kitovu cha kanda kina meno sita, na penseli au kalamu yenye pembe sita huyashika sawasawa, ukazungusha polepole hadi utepe wote urudi ndani. Halafu kulikuwa na vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi juu ya kilichomo. Ukibadili nia, unaziba tundu kwa karatasi au utepe wa gundi, na kanda inakubali tena. Ni harusi ngapi zilizofutwa na mdogo wa mtu aliyeijua hila hiyo na kutaka kurekodi muziki wa redioni!

Kabla ya kaseti, kuhifadhi sauti kulikuwa kazi ya studio na vituo vya redio. Baada yake, mwenye radio kaseti aliweza kumrekodi bibi yake akisimulia ngano, au mashairi yaliyoghanwa usiku wa harusi. Mawaidha ya masheikh na mahubiri ya wachungaji yalinakiliwa kanda kwa kanda, yakafika vijiji ambavyo mhubiri mwenyewe hakuwahi kuvikanyaga. Watu walizungumza salamu zao mbele ya kinasa sauti, wakampa msafiri kanda aipeleke kwa ndugu ng'ambo. Na nchini Iran, hotuba za Ayatollah Khomeini ziliingizwa kwa kaseti na kusambazwa kwa siri kabla ya mapinduzi ya 1979, wakati yeye mwenyewe alikuwa uhamishoni.

Mwaka huohuo wa 1979, tarehe 1 Julai, Sony walianza kuuza Walkman ya kwanza nchini Japani kwa yeni 33,000. Ilikuwa na matundu mawili ya visikilizio na kitufe cha rangi ya chungwa. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia masikio peke yake mbele ya mwenzake. Kwa hiyo wawili waliweza kusikiliza pamoja, na kitufe kilipobonyezwa muziki ulipungua ili wasemezane. Matoleo ya baadaye yaliondoa vyote viwili, jambo ambalo bado nalisikitikia.

Turudi nyuma zaidi, kwenye santuri. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi mitini huko India na Thailand. Zilivunjika kama sahani zikianguka. Upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba takriban dakika tatu tu, na wanamuziki wakajifunza kuukata wimbo utoshee humo. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri za namna hiyo, na sauti yake imetufikia kwa sababu ya safari ile. Zilipokuja santuri ndogo za mizunguko 45, bendi za dansi zilipata njia ya kupumua: wimbo unaanza upande wa kwanza kwa kuimba taratibu, unakatika, unageuza santuri, na upande wa pili magitaa yanachacha.

Je, wajua kwa nini nyimbo nyingi za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980 hazikupata kuwa santuri? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Bendi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilifyatuliwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Wakati huo ndipo dansi lilipokuwa limepamba moto, na kazi nyingi zikabaki kwenye mikanda mikubwa ya redio, hazina ambayo leo imo mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC. Shabiki aliyetaka wimbo nyumbani kwake alikaa na radio kaseti tayari, kidole juu ya kitufe, akimwomba Mungu mtangazaji asiingilie katikati.

Redio yenyewe ilikuwa na mila zake. Betri zikichoka, zilianikwa juani pamoja na mpunga, kisha zikarudishwa na kucheza tena hadi taarifa ya habari iishe. Wengine walidhani ni imani tu, lakini kuna ukweli ndani yake: joto huharakisha mwendo wa kemikali ndani ya betri kavu, na kwa muda mfupi umeme kidogo uliobaki hupatikana kwa urahisi zaidi. Nguvu mpya haiongezeki. Nchini Kenya, mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alianza kuuliza redioni "Je, huu ni ungwana?" mwaka 1966, na akaendelea kuuliza kwa miongo kadhaa, hata vizazi vya mwisho vya wasikilizaji wake vikawa wajukuu wa wale wa kwanza. Alifariki Februari 2025. Na pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania kulikuwa na watu wa kadi za salamu zilizosomwa redioni, waliojulikana nchi nzima kwa majina yao ya redioni bila mtu kuwahi kuona sura zao.

Televisheni ina historia inayowashangaza vijana. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, tena kwa rangi, wakati nchi nyingi tajiri zaidi barani zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Katika miaka hiyo ya kungoja, kuna nyumba za Bara zilizokuwa na televisheni isiyo na kituo cha kutazama. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kanda za video kwa deki.

Na deki ikazaa sanaa. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, filamu za Hong Kong, India na Marekani zilionyeshwa kwa watu ambao wengi wao hawakuelewa lugha zake. Ndipo akatokea Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu kwa Kiswahili huku inaendelea, akiwapa wahusika sauti, akieleza siri za wabaya na kuongeza chumvi ya mtaani. Baadaye usimulizi wake ulirekodiwa juu ya kanda za VHS zenyewe na kusambazwa. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wake wanaotumia Kiganda. Kuna wanaoiona kazi hii kama uharibifu wa filamu za watu. Mimi naiona ni fasihi simulizi iliyopata umeme, na inastahili kuchunguzwa vyuoni kwa heshima ileile tunayowapa manju na malenga.

Kuhusu simu, wengi wanamkumbuka yule nyoka wa mchezo. Alitengenezwa na Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia nchini Ufini, na akatoka na Nokia 6110 mwaka 1997. Miaka mitatu baadaye ikaja Nokia 3310, iliyouzwa takriban milioni 126. Lakini mfalme wa kweli ni Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile ya tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250. Ilibuniwa kwa kufikiria watu wa nchi zenye vumbi, jasho na giza: vitufe vilifunikwa ili vumbi lisipenye, ubavu wake haukuteleza mkononi, na tochi ilimwongoza mkunga na mlinzi usiku.

Ule mlio wa kuita wa Nokia umetoholewa katika muziki wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega, ulioandikwa mwaka 1902. Na ule mlio wa ujumbe, wa vishindo vitatu vifupi, viwili virefu na vitatu vifupi, ni herufi S, M na S katika alama za Morse. Mamilioni walisomewa herufi hizo kila siku bila kujua. Kikomo cha herufi 160 kilipendekezwa na Mjerumani Friedhelm Hillebrand mwaka 1985, baada ya kuandika sentensi za kawaida kwa taipureta na kuhesabu urefu wake. Kikomo hicho, pamoja na bei ya kila ujumbe, ndicho kilichowafundisha vijana wetu kuandika "xaxa" na "cjui".

Watu huziita simu hizo za kizamani, na hapo nawapinga. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya Machi 2007, ilijengwa juu ya simu za vitufe, na hadi leo mama muuza mboga hupokea malipo kwa simu ya vitufe bila hitaji la intaneti. Chombo kinachofanya kazi yake kila siku hakijapitwa na wakati.

Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, kuna ukumbi wa heshima wa wanasesere na michezo ya watoto. Je, wajua kwamba boksi la karatasi liliingizwa humo mwaka 2005, fimbo ya mti mwaka 2008, mpira mwaka 2009 na mchanga mwaka 2021? Watoto wa kwetu walijua thamani ya vitu hivyo bila kungoja tuzo. Gari la waya lilikuwa na usukani mrefu na matairi yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu, na mpira wa chandimu ulisukwa kwa matambara na kamba. Mtoto aliyeunda gari lake mwenyewe alijua kwa nini tairi la mbele linakata kona. Huyu wa leo anayenunuliwa la plastiki hana haja ya kujua.

Hamu hii ya mambo ya zamani si mpya. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari Basel, Uswisi, aliandika kwamba hamu kali ya nyumbani na ya yaliyoachwa nyuma ni ugonjwa unaoweza kuua. Siku hizi hakuna daktari anayeitibu. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya ujana wake, hasa ya kati ya miaka 10 na 30, na muziki wa umri huo humkaa kuliko wowote. Ndiyo maana zilipendwa za baba si zilipendwa za binti yake. Hamu hiyo ina soko pia: nchini Marekani, mwaka 2022, santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987.

Kaseti na VHS, hata hivyo, zina adui ambaye santuri haina. Sauti imo kwenye chembe za oksidi ya chuma zilizogandishwa juu ya utepe wa plastiki, na gundi inayozishikilia huharibika kwa joto, unyevu na ukungu, mambo ambayo pwani yetu inayo tele. Mashine nazo zinakwisha. Sony walisimamisha kuuza Walkman za kaseti nchini Japani mwaka 2010. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016 kwa sababu ya kukosa vipuri.

Kwa hiyo, msomaji, fungua lile sanduku lililo juu ya kabati. Santuri na nyimbo maarufu zina watu wa kuzitunza. Kanda ya harusi ya wazazi wako, sauti ya babu akitaja majina ya ukoo au salamu za shangazi kutoka Dubai zina nakala moja tu duniani, na iko kwako. Tafuta redio au deki inayofanya kazi; ikiwa ni redio, safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, jaribu kwanza kwa kanda usiyoijali, kisha, kwa kanda ya sauti, unganisha waya kutoka tundu la visikilizio hadi kwenye kompyuta na urekodi. Andika jina la anayesema na mwaka wake, hifadhi nakala mahali pawili, na uwagawie ndugu. Fanya hivyo mwaka huu.