WANYAMA WA PORI WANAOELEKEA KUISHA: WANAPIMWA NAMNA GANI?



Katika somo la biolojia sisi wa mwaka wa 6 tulipata ulizo moja lililotusumbua. Mwalimu aliandika ubaoni aina mbili za gorila wa upande wetu wa mashariki. Wa kwanza ni gorila wa mlima, anayekaa katika milima ya moto ya Virunga, na pia kule Bwindi katika Uganda. Wa pili ni gorila wa Grauer, anayekaa Kongo tu: Kahuzi-Biega, Maiko, Itombwe na misitu ya Walikale. Kisha akaandika hesabu. Gorila wa mlima: 1,063. Gorila wa Grauer: 6,800 hivi. Mwishoni akaandika hali yao: wa kwanza "hatarini", wa pili "hatarini sana".

Mwenzetu mmoja akainua mkono. "Mwalimu, umegeuza. Wale wachache ndio walipaswa kuwa hatarini sana." Kalasi nzima tukamuunga mkono. Mwalimu akacheka, akasema hakugeuza kitu.

Tumeona vizuri kuandika jibu lake humu, juu hata wazazi wetu vijijini wanafikiri sawa na sisi. Wanasema: "Wanyama wangali mingi pori." Basi, tuone kama neno "mingi" linatosha.

1. NANI ANAPIMA?

Iko chama kimoja cha kimataifa cha kulinda viumbe, jina lake UICN. Kilianzishwa mwaka 1948 Fontainebleau, katika Ufaransa. Tangu mwaka 1964 kinaandika orodha inayoitwa Orodha Nyekundu. Wataalamu wanakusanya habari za kila mnyama: idadi yake, mahali anapokaa, na kama anaongezeka ao anapunguka.

Orodha hii si sheria. Haimfungi mtu gerezani. Ni kama ile karatasi inayowekwa karibu na kitanda cha mgonjwa hospitalini. Ndani yake hakuna dawa, lakini munganga akiisoma anajua mgonjwa amefika wapi. Sheria ni jambo lingine: inchi yetu ina sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe, na pia iko mapatano ya CITES ya mwaka 1973, yanayochunga biashara ya wanyama kati ya inchi na inchi.

2. NGAZI YENYEWE

Tuwaze ngazi inayoshuka kisimani. Juu kabisa anasimama mnyama asiye na shida kubwa. Anayeshuka kidogo anaitwa aliye karibu na hatari. Chini yake ni mzaifu, na hapo ndipo yuko kiboko. Halafu ni aliye hatarini: okapi, bonobo, sokomutu (ndiye sokwe), kasuku wetu wa mukia mwekundu, na gorila wa mlima. Chini tena ni aliye hatarini sana: gorila wa Grauer na tembo wa msitu. Kisha anafuata aliyeisha porini, anayebaki katika mikono ya watu tu. Chini kabisa ni aliyeisha. Huyo hapandi tena.

3. SABABU GANI WENGI WANAWEZA KUWA KATIKA HATARI KUPITA WACHACHE?

Jibu ni kwamba hawapimi hesabu peke yake. Wanapima pia mwendo wa kushuka. Mnyama akipunguka 30% katika muda wa vizazi vitatu, anaandikwa mzaifu. Akipunguka 50%, yuko hatarini. Akipunguka 80%, yuko hatarini sana, hata kama wangali maelfu.

Tutoe mfano wa depo ya chakula. Nyumba moja ina kilo 10 za unga, na kila juma mama anaongeza kidogo. Nyumba ya pili ina gunia nzima, lakini gunia limetoboka chini na unga unamwagika usiku na mchana. Nyumba gani itaona njaa mbele? Gorila wa mlima ndiye zile kilo 10. Gorila wa Grauer ndiye lile gunia.

Tembo wa msitu naye ni gunia. Mwaka 2021 ndipo alipoandikwa kwa mara ya kwanza peke yake, mbali na tembo wa mbuga. Wataalamu walikuta kwamba katika muda wa miaka 31 alikuwa amepunguka zaidi ya 86%, juu ya pembe zake na msitu unaokatwa.

4. GORILA WAWILI, NJIA MBILI

Gorila wa mlima alikuwa karibu kutoka duniani. Mwaka 1981 walipohesabu katika Virunga yote, upande wa Kongo, Rwanda na Uganda, walikuta 254 tu. Mwaka 1989 walikuwa 324, mwaka 2010 walikuwa 480, na katika hesabu ya 2015 na 2016 walifika 604. Ukiongeza wale 459 wa Bwindi, unapata 1,063. Ndiyo maana katika Novemba 2018 alipandishwa kutoka "hatarini sana" mpaka "hatarini".

Gorila jike anazaa mtoto mmoja kila miaka 4 hivi, basi kazi hii ilikuwa ya polepole. Walinzi walipita msituni kila siku kutoa mitego. Waganga wa wanyama walitibu gorila waliokatwa na kamba. Na feza za watalii zilisaidia kulipa mishahara. Lakini tusisahau damu iliyomwagika. Katika Virunga walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Na katika Julai 2007 gorila wa jamaa ya Rugendo walipigwa risasi na kuachwa pale chini. Hawakuuawa juu ya nyama. Watu waliochunguza jambo hilo walilifunga na biashara ya makala yanayochomwa ndani ya parki.

Gorila wa Grauer alipita njia ingine. Kabla ya vita ya 1996 walikadiriwa kuwa 17,000 hivi. Vita ikaingia, bunduki zikajaa msituni. Karibu na mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, watu maelfu wakaingia parki ya Kahuzi-Biega kuchimba. Mchimbaji akiona njaa anakula kinachopita mbele yake. Mwaka 2016 hesabu iliyotangazwa ilikuwa 3,800 tu, naye akashushwa "hatarini sana". Hesabu ya 6,800 ilitoka mwaka 2021. Mtu asidanganyike kwamba walizaa kwa haraka hivyo. Ni wahesabu waliofika katika misitu ambayo mbele hawakuweza kuifikia.

5. ALIYETOKA KWETU KABISA

Kule Garamba, kaskazini ya inchi yetu, alikuwa kifaru mweupe wa kaskazini. Mwaka 1984 walikuwa wamebaki 15 hivi. Walilindwa vizuri, wakaongezeka mpaka karibu 30. Lakini wawindaji wa pembe walirudi na silaha za vita. Mwaka 2006 walionekana 4, na nyuma ya pale hakuna aliyeonekana tena.

Wengine wachache walikuwa katika bustani ya wanyama Ulaya. Mwaka 2009 wanne walipelekwa Ol Pejeta, katika Kenya, watu wakitumaini watazaa. Hawakuzaa. Dume wa mwisho, jina lake Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Walibaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Leo wataalamu wanajaribu kuyazoa kwa mashini na feza nyingi, na kazi bado ni ngumu.

6. "WANYAMA NI BORA KUPITA WATU?"

Ulizo hili liliulizwa na mwenzetu ambaye shamba la mama yake liko karibu na parki. Tembo waliingia usiku mmoja wakamaliza mahindi ya mwaka mzima, na minerval ya mtoto ikapotea pale. Hatuwezi kumwambia "vumilia" na kwenda zetu. Vilevile Batwa walifukuzwa katika msitu wa Kahuzi katika miaka ya 1970, parki ilipoanzishwa na kupanuliwa, wakabaki bila msitu na bila udongo. Hiyo ni haki iliyovunjwa. Anayetaka kulinda wanyama kwa kuzarau watu atajenga juu ya mchanga.

Lakini tutazame upande wa pili wa jambo hili, kwa mfano wa kiboko. Zamani, katika miaka ya 1970, viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 25,000, wengi wao katika ziwa Edouard na mito yake. Waliuawa juu ya nyama na meno, zaidi sana wakati wa vita. Mwaka 2005 walipohesabiwa kwa ndege hawakufika hata 1,000. Basi, kiboko anakula majani inchi kavu usiku, na mchana mavi yake yanaanguka majini. Mavi yale yanalisha vimelea vidogo vya maji, na tilapia anakula vimelea hivyo. Kiboko alipopunguka, chakula cha samaki nacho kilipunguka. Ongeza uvuvi wa kupita kiasi, na utafahamu sababu gani wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanalia. Aliyeua kiboko alikula siku moja, lakini sahani ya watoto wake ilipunguka kwa miaka mingi.

Basi ulizo "mnyama ao mtu?" halikuulizwa vizuri. Tuulize hivi: nani anapata faida, na nani analipa? Mwuza pembe yuko mbali, katika nyumba ya ghorofa. Anayelipa ni mama wa shamba, mvuvi, na mlinzi aliyeacha wajane na yatima.

7. SISI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusinunue kasuku. Tangu mwaka 2017 CITES imekataza biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini, na wengi wao wanakufa njiani kabla ya kufika sokoni. Pili, kama nyumbani tunaweza kupata jiko linalokula makala kidogo, tuwaombe wazazi walijaribu, na tupande miti yetu wenyewe. Tatu, mtu akisema mbele yetu "wangali mingi", tumuulize kwa heshima: "Baba, wakati ulipokuwa kijana walikuwa wangapi?" Hapo mzee mwenyewe atahesabu, naye ataona gunia limetoboka.

Sisi tunaosoma Biblia tunakumbuka katika Mwanzo kwamba mtu aliwekwa katika bustani ailime na aitunze. Kazi ni mbili, na wengi wetu tumeshika ile ya kwanza tu. Noa naye hakuchagua wanyama wenye faida peke yao.

Mwenzetu aliyeinua mkono amekubali sasa kwamba mwalimu hakugeuza. Lakini ameongeza neno, nasi tunaliacha kwenu: gunia lililotoboka linaweza kushonwa, ila linashonwa wakati unga ungali ndani.

Mungu awabariki katika mitihani.

Wanafunzi wa mwaka wa 6, kwa mkono wa kapita wa wanafunzi